Elimu Iliyochelewa Kufika Magofuni

Mwaka 1963 chuo cha kufundisha usimamizi wa wanyamapori kilianzishwa Mweka, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mwaka 1975 Kenya ikafungua Chuo cha Utalii jijini Nairobi kwa msaada wa Uswisi, ili vijana wafundishwe upishi, huduma za hoteli na namna ya kumpokea mgeni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha akiolojia mwaka 1985, miaka 22 baada ya Mweka. Mpangilio huo wa miaka unatueleza mengi kuhusu vipaumbele vyetu. Tulianza kwa kujifunza kumtunza mnyama, tukafuata na kumhudumia mtalii, na mwisho kabisa ndipo tukajifunza kumchunguza mtu aliyejenga, aliyeishi na aliyezikwa katika miji ambayo mtalii huyo analetwa kuitazama. Makala haya yanadai kwamba kuchelewa huko kulikuwa na gharama. Katika miaka ambayo hatukuwa na wataalamu wetu wa urithi, hadithi ya pwani iliandikwa, ikachapwa kwenye vitabu vya wageni na kuzoeleka midomoni mwa waongoza watalii, na sehemu kubwa ya hadithi hiyo haikuwa sahihi. Kilichokuja kuirekebisha ni maswali ya sayansi ya jamii. Kwa hiyo anayeiona shahada ya urithi na utalii kuwa ni pambo la chuo kikuu anapaswa kwanza kuangalia jinsi historia ya Kilwa, Shanga na Bagamoyo ilivyobadilika, na kwa nini.

Haki kwanza itendeke kwa waliotangulia. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitunga sheria ya kuhifadhi majengo ya kale mwaka 1937, na mwaka 1964 Bunge la nchi huru likaja na Sheria ya Mambo ya Kale. Kule Kenya, James Kirkman alianza kazi Gedi mwaka 1948, akafyeka msitu uliokuwa umeufunika mji ule karibu na Malindi, akachimbua msikiti mkuu, jumba la mtawala, visima na makaburi, likiwemo kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Neville Chittick alifanya kazi ya aina hiyo Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, na majuzuu mawili aliyochapisha mwaka 1974 bado hayakwepeki kwa yeyote anayetaka kuujua mji huo. Walipima, wakachora, wakapanga tabaka za udongo kwa kufuata vigae vya kauri za China na vyombo vya Kiislamu kutoka Ghuba. Bila wao tungekuwa na kuta tu, bila umri wala mfuatano. Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, na kazi ya Chittick ilikuwa sehemu kubwa ya sababu ya dunia kuufahamu mji huo.

Dosari ilikuwa katika swali. Wachimbaji wa kizazi hicho walipouona msikiti wa mawe, waliuliza kwanza: nani aliuleta, na kutoka wapi? Walikuwa na tarehe ya Kilwa, simulizi iliyoandikwa kwa Kiarabu na ambayo Mreno João de Barros alichapisha toleo lake katika karne ya 16, inayosema kwamba waanzilishi walikuwa wana wa mfalme wa Shirazi waliokuja kwa majahazi. Wakaipokea kama ratiba ya safari na kutafuta ushahidi wa kuithibitisha. Kirkman aliyaona majengo haya kuwa mazao ya ustaarabu wa wageni uliopandwa ukingoni mwa Afrika. Chittick alikuwa mwangalifu zaidi, akahisi kwamba waliojiita Washirazi hawakufika moja kwa moja kutoka Uajemi, bali walitokea pwani ya Benadiri iliyo Somalia ya leo, lakini naye aliendelea kuutazama mji kama koloni la wafanyabiashara. Mbinu zao za kazi ziliwarudisha palepale. Walichimba misikiti, majumba na makaburi, yaani mahali pa matajiri. Vigae vya China vilihesabiwa kwa makini kwa sababu viliweza kutaja karne, ilhali vigae vya vyungu vya hapahapa, ambavyo vilikuwa vingi mara nyingi zaidi, vilipewa nafasi ndogo. Nyumba za fito na udongo, ambamo watu wengi wa miji hiyo waliishi, hazikuwa na ukuta wa kupigiwa picha, basi zikaachwa. Ukichimba kwa tajiri peke yake na kuhesabu alichonunua ng'ambo, lazima utapata mji wa watu wa ng'ambo.

Na ushahidi wa kuwafanya wasite ulikuwapo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuandika kwamba wengi wa wakazi wake ni Wazanji, weusi sana, wenye chale usoni. Lugha ya pwani ilikuwa mbele ya kila mtu pia. Kiswahili ni lugha ya Kibantu, ndugu wa karibu wa lugha za Wamijikenda, Wapokomo na Wakomoro, na hilo wanaisimu walilionyesha kwa kina, hasa Derek Nurse na Thomas Spear katika kitabu chao cha mwaka 1985. Mji ulioanzishwa na wageni na kujazwa na wageni ungetarajiwa kuzungumza lugha ya wageni. Ila mchimbaji hakufundishwa kumsikiliza mwanaisimu, na mwanaisimu hakuwa na sababu ya kushuka shimoni. Kila taaluma ilibaki chumbani kwake. Kuzikutanisha taaluma hizi na kuzifanya ziulizane maswali ndiyo kazi hasa ya sayansi ya jamii, na katika historia ya pwani kazi hiyo ilianza kwa dhati katika miaka ya 1980.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Shanga, kisiwani Pate, katika funguvisiwa la Lamu. Mark Horton alichimba pale kati ya mwaka 1980 na 1988. Alipofika kwenye msikiti wa Ijumaa hakuishia kwenye sakafu ya mawe, alikwenda chini yake. Chini ya msikiti wa mawe kulikuwa na mabaki ya msikiti wa mawe uliotangulia, na chini yake tena, mashimo ya nguzo. Mti uliosimikwa ardhini ukaoza huacha duara la udongo wenye rangi tofauti, na maduara hayo yakipangwa yanachora jengo. Yaliyopatikana Shanga yalichora misikiti midogo ya miti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Ndipo baadaye, kadiri mji ulivyotajirika, wakaanza kuchonga matumbawe ya baharini na kujenga kwa mawe na chokaa. Huwezi kuutazama mfuatano huo na bado useme kwamba mji ulishuka kutoka jahazini ukiwa umekamilika. Ulikua mahali pake. Wenyeji walipokea dini mpya, wakajenga msikiti kwa vifaa vilevile walivyojengea nyumba zao, na wajukuu wao ndio waliofikia mawe.

Nchini Tanzania kazi hiyo ilichukuliwa na kizazi kilicholelewa na kile kitengo cha mwaka 1985. Felix Chami, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1994, alivigeukia vigae vilivyokuwa vimedharauliwa. Vyungu vya milenia ya kwanza vya pwani ya Tanzania vina alama inayotambulika kwa urahisi: mistari iliyochanjwa shingoni mwa chungu kabla hakijachomwa, ikapangwa kuwa pembetatu. Vyungu vya namna hiyo vinapatikana visiwani, vinapatikana mwambao, na vinapatikana ndani ya bara. Chami alionyesha kuwa vina uhusiano na vyungu vya wakulima na wafua chuma waliotangulia. Mfinyanzi anayechanja pembetatu zilezile alizozichanja mwenzake wa bara amejifunza kazi katika jamii moja naye. Wakati huohuo tafiti za kaskazini mwa Pemba, na baadaye za Songo Mnara chini ya Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, zilianza kutafuta kwa makusudi nyumba za udongo na vijiji visivyo na mawe, na vikapatikana. Ikaonekana kwamba mji wa mawe ulikuwa kilele kidogo cha jamii kubwa ya wakulima, wavuvi, wahunzi na wafinyanzi. Angalia pia kwamba mgawanyo hapa haukuwa wa rangi wala pasipoti, kwani Horton ni Mwingereza kama Kirkman. Kilichotofautiana ni mafunzo na swali lililoulizwa, na ndiyo maana mtaala ni jambo la kujadiliwa kwa uzito.

Kuna pingamizi kubwa ambalo halifai kukwepwa. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia aliyezaliwa Kenya, alikuwa miongoni mwa waliouongoza. Matokeo yalionyesha kwamba kuanzia takriban mwaka 1000 watu wa asili ya Uajemi walichanganya damu na wenyeji, na kwamba nasaba za kiume zilikuwa kwa sehemu kubwa za Asia huku za kike zikiwa za Afrika. Wapo waliosema: kumbe wazee walikuwa wakweli, Washirazi walikuja, na maprofesa walitupotosha kwa miaka 30. Lakini linganisha tarehe. Misikiti ya mwanzo ya miti ya Shanga ilitangulia mchanganyiko huo kwa karne mbili hivi. Vyungu vya pembetatu vimetangulia pia. Lugha ilibaki ya Kibantu, ya akina mama. Wageni walioa katika miji iliyokuwapo tayari, wakaingia katika koo zilizokuwa na hadhi, na watoto wao wakaikumbuka asili ya baba kwa sababu iliwapa heshima. Simulizi ya Shirazi, basi, haistahili kupokewa kama ratiba ya safari wala kutupwa kama uongo. Ni jinsi jamii ilivyochagua kujieleza. Kuisoma kwa namna hiyo kunahitaji mtu aliyefundishwa kutofautisha kumbukumbu, tukio, na faida anayoipata mwenye kukumbuka. Kwa hiyo utafiti wa 2023 umeiongezea sayansi ya jamii kazi ya kufanya, haukuifuta.

Mtu anaweza kuuliza ubishi huu wa wasomi unamhusu nini mwenye hoteli. Unamhusu kwa sababu utalii wa urithi huuza maelezo. Simba hujionyesha mwenyewe, na mtalii akimwona ametosheka. Ukuta wa matumbawe haujielezi, na mgeni anaondoka na kile alichoambiwa. Tazama Bagamoyo. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha katika orodha yake ya awali ya Urithi wa Dunia njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na mji huo umekuwa ukitangazwa kwa wageni kwanza kabisa kama bandari ya watumwa. Utumwa ulikuwapo Bagamoyo, hakuna mwenye akili anayeukana. Lakini wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba katika karne ya 19 bandari kuu ya kupitishia watumwa kwenda Zanzibar ilikuwa Kilwa Kivinje, huku Bagamoyo ikisimama hasa juu ya pembe za ndovu. Na pembe hizo zilibebwa kwa sehemu kubwa na watu huru. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006, alieleza kwa kirefu maisha ya wapagazi wa Kinyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Walisafiri kwa msimu, chini ya kirangozi wao, yaani kiongozi wa msafara, wakadai posho na ujira wa nguo za merikani, na mwajiri aliyewapunja aliamka asubuhi na kukuta mizigo imelala chini na kambi tupu. Walikuwa wafanyakazi huru wa mkataba, na miongoni mwa vibarua wa mwanzo kabisa katika nchi hii waliojua kugoma.

Fikiria sasa mwanafunzi wa Tabora anayetembezwa Bagamoyo na kuambiwa kwamba babu zake walipita hapa wakiwa na minyororo shingoni. Huenda ni kweli kwa wengine. Lakini kwa maelfu ya Wanyamwezi ni kinyume: walifika kwa hiari, wakakaa kambini wakipatana bei na mawakala wa Kihindi na Kiarabu, wakarudi nyumbani na nguo, shanga na jina la ujana. Maelezo ya minyororo yanamnyang'anya babu huyo kazi yake, ustadi wake na uthubutu wake, kisha yanamrudishia mateso tu. Tatizo la namna hiyo liko Zanzibar pia, kwenye vyumba vya chini vya Mkunazini. Soko la watumwa lilikuwa pale, na lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza. Kanisa kuu la Kianglikana limejengwa juu ya eneo hilo. Lakini jengo lenye vyumba ambavyo wageni huoneshwa kama mahali walipofungiwa watumwa lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na ndiyo maana wanahistoria wamelihoji dai hilo. Msiba ni wa kweli na mahali ni pa kweli, ila chumba chenyewe kina mashaka.

Hapa huja pingamizi la wafanyabiashara wa utalii, nalo si la kijinga. Mgeni ana saa moja, wanasema, na anataka kuguswa moyo. Ukianza kumweleza juu ya tarehe na mashaka ya wanahistoria atachoka, na msiba wa utumwa utaonekana mdogo. Nadhani hofu hii imegeuzwa juu chini. Msiba unaoegemea chumba chenye mashaka uko hatarini, kwani siku mtu mwenye nia mbaya atakapothibitisha umri wa jengo atadai kwamba na soko nalo lilikuwa hadithi. Anayetaka utumwa usisahaulike ndiye anayepaswa kuwa mkali kuliko wote katika kuchuja ushahidi. Na kuhusu mvuto, mgomo wa wapagazi na misikiti ya Shanga iliyolaliana chini ya sakafu moja ni mambo ambayo mgeni hajawahi kuyasikia popote. Minyororo ameshaiona katika filamu. Mwongoza watalii anayejua kutofautisha kilichothibitishwa na kinachosimuliwa tu ana bidhaa ambayo jirani yake hana.

Pingamizi jingine linasema kwamba wasomi wazalendo nao waliandika historia kwa ajili ya siasa, kama wakoloni walivyofanya. Ni kweli kwamba kila kizazi huuliza kulingana na hali yake, na baada ya uhuru kulikuwa na hamu kubwa ya kumkuta Mwafrika kila mahali. Tiba yake, hata hivyo, ni kuwa na watafiti wengi wanaoweza kukaguana. Great Zimbabwe inatufundisha nini hutokea wanapokosekana. Tangu mwaka 1929, kazi ya Gertrude Caton-Thompson ilikuwa imeshaonyesha kwamba mji ule ulijengwa na Waafrika. Hata hivyo serikali ya walowezi ya Rhodesia ilishinikiza maelezo kwa wageni yaache mlango wazi kwa wajenzi wa kigeni. Peter Garlake, aliyekuwa amechapisha mwaka 1966 utafiti wa majengo ya kale ya Kiislamu ya pwani yetu, alikuwa mkaguzi wa majengo ya kale huko, na kwa sababu ya ubishi huo akaihama nchi mwaka 1970. Ndani ya magofu hayo ilikuja kupatikana sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14, ushahidi wa shaba wa biashara kati ya miji miwili ya Kiafrika. Serikali inaweza kulidhibiti bango la watalii. Ni vigumu zaidi kuidhibiti jamii ya wasomi walioenea vyuoni, kwenye makumbusho na miongoni mwa wakazi wa eneo lenyewe.

Wakazi hao ndio sababu ya mwisho ya kuhitaji sayansi ya jamii, na huenda ndiyo nzito kuliko zote. Lamu iliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2001 na Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na miji yote miwili inakaliwa na watu wanaopika, wanaozaliana na wanaogombania urithi wa nyumba. Mhandisi anaweza kukuambia boriti ya mkoko itabeba dari kwa muda gani. Hawezi kukuambia nini kitatokea familia ikishindwa gharama za chokaa na fundi, ikaiuza nyumba kwa mgeni anayeifungua miezi miwili kwa mwaka, na mtaa ukabaki bila watoto wa madrasa. Kilwa Kisiwani iliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Lakini kuta zilizokarabatiwa zitaomba ukarabati tena, na swali ni kama watu wa kisiwani wanaona faida ya kuzilinda. Hilo hupimwa kwa kuhesabu nani anapata kibarua, nani anamiliki boti, nani anauza chakula, na kiasi gani cha tozo ya kiingilio kinabaki kijijini. Ni maswali ya dodoso, mahojiano na bajeti za kaya, yaani kazi ya mwanafunzi wa sayansi ya jamii.

Watasema wazazi: mtoto akimaliza atafanya kazi wapi? Ni swali la haki katika nchi zenye wahitimu wengi wasio na ajira. Jibu la kweli ni kwamba shahada hii ikifundishwa kama orodha ya tarehe na majina ya masultani haina soko, na ikifundishwa kama tawi la hoteli haina tofauti na cheti cha miezi sita. Thamani yake iko katikati: mtu anayeweza kusoma tabaka la udongo, kuhoji mzee wa mtaa, kukagua nyaraka, kuandika bango la maneno 100 lisilo na uongo, na kumwambia mwekezaji kwa takwimu mradi wake utawafanya nini majirani. Mtu huyo anahitajika Idara ya Mambo ya Kale, anahitajika halmashauri za miji, anahitajika kampuni za utalii zinazotafuta njia mpya mbali na mbuga zilizojaa magari. Ili apatikane, mambo matatu yanawezekana bila kungoja wafadhili. Mtihani wa leseni ya mwongoza watalii uhusishe historia ya eneo lake kwa mujibu wa utafiti wa sasa. Kila bango la magofu lionyeshe maelezo yake yametokana na nini na yalihakikiwa mwaka gani. Na wanafunzi wa urithi wapelekwe magofuni wakaitafsiri kwa Kiswahili kazi iliyobaki kwa lugha za kigeni, maana mwenyeji wa Kilwa hadi leo analazimika kujua Kiingereza ili asome kilichochimbwa kwenye ardhi ya babu yake. Tulichelewa miaka 22 kuanza. Kwa ucheleweshaji wa sasa, wa kuyaacha matokeo ya utafiti yakae maktabani huku magofuni ikisimuliwa hadithi ya mwaka 1960, hatuna wa kumlaumu isipokuwa sisi wenyewe.